Pazia bila Kugusa Saruji: Kupamba Chumba cha Kupanga kwa Pesa Kidogo

Ingia chumba cha Mswahili wa Ruwi au Deira aliyekaa miaka minne, tazama ukutani. Mara nyingi utakuta msumari mmoja aliourithi kwa mpangaji wa kabla yake, na juu yake kalenda ya bure ya duka la kubadilisha fedha. Dirishani kuna shuka iliyobanwa na kioo. Chini ya kitanda ndiko kwenye mali: televisheni ndani ya boksi lake, seti ya sufuria, zulia lililokunjwa na kufungwa kamba, mablanketi mawili kwenye mifuko yake ya zipu. Vyote ni vya kupeleka nyumbani. Mwenyewe analala juu ya mali yake kama mlinzi wa stoo.

Tunamwelewa. Kila mtu aliye ng'ambo ana kikokotoo kichwani ambacho hakizimiki. Pazia hili ni mifuko mingapi ya saruji? Taa hii ni bati ngapi? Mtoto anasoma, mama anahitaji dawa, msingi umesimama usawa wa magoti, halafu mimi ninunue mto wa kuegemea?

Sisi ni wahasibu, hatuwezi kugombana na kikokotoo. Tunachogombana nacho ni hesabu iliyokatwa nusu. Watu wanaandika gharama ya kupamba chumba, ila hawaandiki gharama ya chumba kisichokalika.

Dada mmoja wa Tanga, anayefanya usafi maofisini Muscat, alituletea daftari lake la miezi mitatu. Ni mtu mwenye nidhamu, kila baisa imeandikwa. Amepanga kitanda kwenye chumba cha watu wanne, riali 35 kwa mwezi. Kulikuwa na mstari mmoja ameuita "matembezi", kama riali 12 kila mwezi. Tukamwuliza, dada, unatembea wapi? Kumbe hatembei popote. Kitanda chake kiko karibu na mlango, taa ya chumba inamwaka usoni hadi saa sita usiku, hana hata pembe ya kuweka kikombe. Kwa hiyo jioni anatoka, na Ijumaa anatoka asubuhi. Teksi, karaki, kuku wa kukaanga, bando la intaneti la kukaa nalo kwenye benchi. Ukimtazama utasema anapenda starehe, kumbe anakimbia kitanda.

Tulimshauri atumie riali 18 mara moja kwenye kile kitanda. Miezi miwili baadaye mstari wa matembezi ulikuwa umeshuka hadi riali 5. Piga hesabu mwenyewe: anabakiwa na riali 7 kila mwezi, kwa hiyo zile 18 zimerudi kabla mwezi wa tatu haujaisha. Baada ya hapo ni faida mpaka mkataba wake uishe. Kwa kuwa riali moja ni kama dola 2.6, hizo riali 7 ni karibu dola 18 za mwezi ambazo sasa zinaweza kwenda kwenye ile saruji.

Hatusemi kila mtu atapata matokeo hayo. Wengine wana chumba kibaya na bado hawatoki, wanalala tu na kuzongwa na mawazo. Gharama hiyo haina mstari kwenye daftari, lakini ipo.

Kiasi gani basi? Kipimo tunachowapa watu ni nusu ya kodi ya mwezi mmoja, kwa mkataba mzima. Unalipa riali 35, bajeti yako ni 17 au 18. Unalipa dirhamu 800, ni 400, na hiyo ndiyo mwisho. Pesa hii haitoki kwenye fungu la nyumbani. Siku ya mshahara fungu la nyumbani linatumwa kwanza, kama kawaida, na ya chumba inatoka kwenye kile kinachobaki mkononi mwako, hata kama itachukua miezi mitatu kuikusanya. Ukishaigawanya kwa miezi 24 ya mkataba unaona ni baisa 750 kwa mwezi. Karaki nyingi Muscat inauzwa baisa 100. Yaani ni vikombe saba na nusu.

Kabla ya kununua chochote jiulize kama kinabanduka bila kuacha alama, na kama siku ya kuondoka kitaingia begini au kitapata mnunuzi. Kitu kikikwama kwenye maswali hayo ni zawadi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajakuomba zawadi.

Cha kwanza ni pazia. Anayefanya kazi zamu ya usiku anajua kwa nini. Na anayefanya kazi ya ujenzi juani anajua pia: kule Oman kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti kazi za nje husimama kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na Falme za Kiarabu kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita na nusu hadi saa tisa. Ukiwa na bahati kambi iko karibu na saiti, saa hizo unaweza kulala kidogo, lakini si kwenye chumba kinachong'aa kama jikoni. Pazia zito lenye rangi ya giza pia linampunguzia kazi kiyoyozi. Usitoboe ukuta. Kuna fimbo za pazia zinazojibana zenyewe kati ya kuta mbili kwa springi, unazungusha zinakaza, zinauzwa kwenye maduka ya bei rahisi ya vyombo vya nyumbani. Siku ya kuondoka unazungusha upande wa pili, unaondoka nayo.

Kwa kitanda cha dabodeka, pazia la kuzungushia lina thamani kuliko kitu kingine chochote tunachokijua. Na hapa hatuhitaji kununua, kwa sababu wengi wetu tuna kanga begini. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja. Viweke kwa ulalo, ubavu kwa ubavu: una mita tatu za kufunika upande mrefu wa kitanda cha chini ambao hauzidi mita mbili, kwa hiyo vinakunjana vizuri na mwanga haupenyi katikati. Pitisha kamba kwenye pindo la juu, funga kwenye nguzo za kitanda cha juu. Sindano, uzi, dakika arobaini. Kama jina la kanga lielekee ndani au nje, hilo ni kati yako na jirani yako wa chumba.

Kaka zetu watasema kanga ni ya kike. Sawa, kikoi kipo, na shuka la rangi moja lipo.

Pazia likishakaa, taa ya chumba si adui tena, lakini unahitaji ya kwako. Nunua taa ndogo ya kubana, ya kuchaji, yenye mwanga wa njano. Mwanga mweupe wa buluu uko ofisini na hospitalini, unatosha huko. Zile taa za utepe zinazobadilika rangi kila sekunde, ambazo vijana wanazipenda kwa ajili ya video za kutuma nyumbani, sisi hatuzipendi. Gundi yake inakauka kwa joto, inaning'inia, na ukiivuta inashuka na rangi ya ukuta.

Kisha mahali pa kuweka vitu. Vyumba vingi vya kambi vina vitanda vya chuma na makabati ya chuma, na watu wanasahau kwamba chuma kinashika sumaku. Kulabu za sumaku zinabeba kofia ya kazi, taulo, mfuko wa dawa, picha ya mtoto, bila tundu wala gundi. Kama ukuta ni wa plasta, kulabu za kubandika zinafaa lakini pangusa kwanza pale mahali kwa kitambaa chenye spiriti, bandika, na usitundike kitu mpaka kesho yake. Ukipitisha kidole ukutani kikatoka na unga mweupe, acha. Rangi hiyo ni dhaifu, kulabu itaanguka usiku na kipande cha ukuta.

Kwa sababu hiyohiyo tunawaomba mwachane na zile tofali za sponji za kujibandika, zilizochorwa kama ukuta wa matofali. Zinapendeza siku ya kwanza. Ukizibandua zinaondoka na rangi, na zikishika moto zinatoa moshi mbaya ndani ya chumba ambacho kina mlango mmoja. Ukitaka ukuta wenye uhai, tundika kitenge kimoja kikubwa kwa kulabu nne za juu. Kinafuliwa, kinakunjwa, kinarudi nyumbani kikiwa bado kitenge.

Tukizungumzia moto tusimalize haraka. Pazia la kitanda, chaja, udi na ubani ni majirani wabaya. Usifukize chetezo ndani ya pazia, fukiza chumba kikiwa wazi na wewe ukiwa umesimama hapo. Usifunike king'amua moshi eti kinapiga kelele mkikaanga. Na ekstensheni moja isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, nunua moja nzuri yenye fyuzi. Hiyo haipotei, kwa sababu plagi ya pini tatu bapa ya Oman, Dubai na Qatar ndiyo hiyohiyo ya Uingereza na ya kwetu Kenya na Tanzania. Itafanya kazi Mombasa kama ilivyofanya Muscat.

Upande wa Dubai kuna jambo moja la kusema wazi. Kuna watu wanaojazwa maneno wachangie pesa za kugawa chumba kwa mbao au jipsamu ili kila mmoja awe na kijisehemu chake. Kugawa hivyo bila kibali cha manispaa ni kosa. Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya ukaguzi mkubwa kwenye maeneo yenye msongamano kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa na Al Barsha, na kuta za namna hiyo zikabomolewa. Aliyechangia dirhamu 600 za mbao hakuwa na wa kumdai. Pazia halibomolewi na mtu. Kama umechangishwa, uliza kibali kiko wapi, na ukijibiwa "usijali", basi jali.

Dada zetu mnaoishi ndani kwa waajiri, ninyi hamlipi kodi ya chumba, lakini ni chumba cha kupewa na kanuni ni ileile. Usipige msumari, usihamishe kabati kabla ya kumwomba madamu, na muombe kwa namna inayomfaidi na yeye: mwambie unataka kuweka pazia ili chumba kiwe na staha watoto wakipita. Wengi hukubali, na wengine huwa na pazia la zamani stoo wanakupa. Vyumba hivi mara nyingi ni vidogo sana, karibu na jikoni au juu darini, kwa hiyo sanduku lako la safari ndilo samani yako kuu. Lilaze, litandike kitambaa, ni meza. Liweke pembeni na mto juu, ni kiti. Nyaraka zako na kitabu cha akiba viwe ndani yake, chini kabisa, kwa kufuli.

Mmea hauhitaji bajeti. Ule unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, unaouona kwenye korido za ofisi na kliniki, omba kijiti kimoja chenye fundo, kiweke kwenye chupa ya maji, badilisha maji kila wiki. Kitatoa mizizi chenyewe na hakitaki jua kali.

Sasa turudi chini ya kitanda. Lile zulia la kupeleka nyumbani, kwa nini limefungwa kamba miaka miwili? Litandike. Mablanketi, jifunike. Sufuria kubwa iweke stoo, sawa, lakini kikombe kizuri kunywea. Tumewaona watu wananunua zulia la riali 4 la kukanyagia kwa sababu la riali 15 limehifadhiwa, halafu siku ya kupakia kontena wanagundua lile jipya limeliwa na unyevu kwenye mikunjo. Kwa lugha yetu ya uhasibu hiyo inaitwa kulipa mara mbili. Zulia lililokanyagwa kwa soksi na kufagiliwa kila wiki litafika Dar es Salaam likiwa zulia. Mama hatauliza kama ulilikanyaga. Ukitaka, mfulie kabla ya kupakia.

Kuhusu dhamana, ile wengi wanayoiita dipoziti. Siku ya kuingia, kabla ya kufungua begi, piga picha kila ukuta, kila doa, kila tundu la msumari, na zitume kwa WhatsApp kwa mwenye mkataba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili. Kama uliyempa pesa ni mpangaji mwenzako aliyeshika mkataba, naye akuandikie risiti, hata ya mkono. Dubai kawaida dhamana ya nyumba tupu ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka na yenye samani asilimia 10, lakini wa kitanda anadaiwa chochote atakachoambiwa, ndiyo maana karatasi ni muhimu zaidi kwake.

Walioko Uingereza mna bahati ya sheria. Kwa nyumba za kupanga za kawaida kule England, tangu 2019 dhamana haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Tundu la msumari ulilopiga bila ruhusa linaweza kukatwa. Marekani kila jimbo lina sheria yake, soma ya kwenu.

Linalotuumiza zaidi liko upande wa pili wa simu. Mdogo wako amepanga nyumba Mbagala au Nyakato, amelipa kodi ya miezi sita kwa pesa yako. Mwezi wa pili anapiga: dada, ukuta unabanduka, tukipiga rangi na kuweka jipsamu sebuleni, nyumba itakuwa nyumba. Anatuma na picha. Na wewe moyo unakwambia wafurahi, ndiyo maana niko huku.

Jipsamu haibanduki. Rangi haibanduki. Vigae havibanduki. Umeweka jasho la miezi miwili ya Muscat kwenye dari la mtu mwingine, na tumeona zaidi ya mara moja kodi inapanda baada ya miezi sita kwa sababu nyumba sasa ni nzuri. Mwenye nyumba hajavunja ahadi, kwa kuwa hakuna ahadi iliyoandikwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi ya ukarabati, mdogo wako akae na mwenye nyumba waandike: kazi gani, gharama kiasi gani, itakatwa kwenye kodi ya miezi mingapi, na kodi haitapanda kwa muda gani. Wasaini wote, na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa iwe shahidi. Risiti za vifaa zipigwe picha zije kwako. Mwenye nyumba akikataa kuandika, amekupa jibu bure, na umeokoa pesa.

Mdogo wako usimwache mikono mitupu. Mtumie ya pazia, ya mkeka mkubwa, ya meza ya kukunja na taa ya mezani. Hivyo akihama vitahama naye, na kama msingi wako utakuwa umefika kwenye lenta, vitahamia kwako. Mwambie hivyo kwa sauti ya upole lakini useme. Maneno ya pesa yakikaa moyoni huchacha.

Wakati mzuri wa kununua vitu vilivyotumika huku Ghuba ni Juni na Julai, shule zikifungwa na familia za wageni zikiondoka. Meza, feni na makabati ya plastiki hutolewa kwa bei ya kutupa, mengine hutolewa bure kwa atakayekuja kuyabeba. Usinunue godoro wala sofa ya kitambaa kwa mtu usiyemjua, kunguni hawana bei rahisi. Chuma, plastiki na mbao ngumu, nunua na uoshe.

Na wewe ukiwa unaondoka, anza kuuza miezi miwili kabla, usingoje wiki ya mwisho ambapo wanunuzi wanajua huna ujanja. Feni na kabati vitangulie. Kulabu, ekstensheni na kitenge vinaingia begini, havina uzito wa kuhesabika kwenye kilo 30. Pazia na taa muuzie atakayerithi kitanda chako, kwa nusu bei, lakini mkabidhi asubuhi ya safari, maana usiku wa mwisho bado unahitaji kulala.